Pachibei kwa studio ndogo ya Mkumbi: pesa iende wapi kwanza

Studio ya kurekodi ya chumba kimoja, iwe Mkumbi, Mbinga mjini au kule chini Mbamba Bay, huanza na vitu vinavyofanana: kompyuta, kadi ya sauti, maiki mbili tatu, kinanda, spika mbili na magodoro ukutani. Mwanzoni waya zinahesabika. Baada ya kwaya kadhaa kulipa na msimu mmoja mzuri wa kahawa, inaongezeka priampu ya chaneli nne, halafu kompresa, mashine ya mwangwi na kigawa sauti cha hedifoni, na nyuma ya meza hakuna tena anayejua waya ipi inakwenda wapi. Hapo ndipo mwenye studio anapoambiwa na mtu wa Dar kwamba anahitaji pachibei, na hapo ndipo anapoweza kutupa pesa.

Pachibei ni ubao wa chuma wenye upana wa inchi 19, unaofungwa kwenye raki, ukiwa na safu mbili za matundu mbele na safu mbili nyuma. Nyuma hukaa waya za kudumu kutoka kwenye kila kifaa, na zikishachomekwa hazichomolewi tena. Kazi ya kila siku hufanyika mbele. Ukitaka sauti ya maiki ipite kwenye kompresa kabla ya kuingia kwenye kompyuta, unachukua waya fupi ya sentimita 30, unachomeka huku na huku, umemaliza bila kuinama. Mpango huu ulitoka kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, ambako opereta aliwaunganisha wateja kwa kuchomeka jeki za robo inchi ubaoni. Baadaye stesheni za redio zikauchukua. Ubao wa namna hii hautumii umeme hata kidogo, na hilo si jambo dogo katika mkoa uliofikiwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, ambako umeme ukicheza vifaa vya bei ndivyo huumia.

Msimamo wangu ni kwamba kinachogharimu si ubao, ni waya zilizo nyuma yake pamoja na saa za kuzipanga. Anayelinganisha bei za ubao peke yake atanunua kitu cha shilingi 250,000, kisha atakiweka kabatini kwa sababu waya zake zinataka mara mbili ya hapo. Na studio nyingi za ukubwa huu bado hazijafika mahali pa kuuhitaji.

Bei ninazotaja ni makadirio ya maduka ya mtandaoni ya nje, dola moja nikiihesabu kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Juu yake weka usafirishaji, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa forodha kulingana na kundi la bidhaa. Kisha kuna nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea, zaidi ya kilomita 900, na kutoka Songea hadi Mbinga, kama 100 nyingine. Kifaa kikifika kibovu, kukirudisha ni safari ileile kinyumenyume. Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimekipa uzito mkubwa kile ambacho fundi wa redio wa Mbinga anaweza kukifungua na kukitengeneza.

Kutonunua nako ni chaguo

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, bendi zilirekodiwa zikipiga kwa pamoja moja kwa moja kwenye utepe, na kila badiliko la sauti lilipita kwenye waya halisi na kifaa halisi. Studio za Bongo Fleva zilizoinuka Dar kuanzia miaka ya 1990 zilihamishia sehemu kubwa ya kazi hiyo ndani ya kompyuta. Kijana aliyejifunzia kazi huko huenda hajawahi kugusa kompresa ya chuma, na hana sababu ya kuona haya. Kama kompresa, ekwalaiza na mwangwi wako vyote ni programu, pachibei haina cha kukuunganishia.

Kadi nyingi za sauti zenye chaneli nane na kuendelea, kama Focusrite Scarlett 18i20, huja na programu yake ya kuelekeza sauti. Kwenye skrini unaamua hedifoni za mwimbaji zisikie nini, spika zipate nini, na toleo la nyuma namba 5 libebe nini. Hiyo ni pachibei tayari, na umeshailipia ndani ya bei ya kadi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kaa nayo jioni nzima. Wengi hununua ubao wa chuma kutatua tatizo ambalo programu hiyo ingelimaliza kwa kubofya mara mbili.

Ongeza utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika. Kila waya iandikwe kwenye ncha zote mbili: inatoka wapi, inaenda wapi. Andika jina, usiandike namba tupu, maana baada ya miezi sita namba 11 haitakuambia kitu, lakini "Kinanda kushoto, kadi 5" itakuambia. Hili linagharimu shilingi elfu chache na linaondoa sehemu kubwa ya usumbufu unaowafanya watu waanze kutafuta pachibei.

Boksi la maiki, si ubao

Wateja wakubwa wa studio za huku ni kwaya. Kwaya ya kigango inafika na kenta, watu thelathini au arobaini, sauti zote nne, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda. Chumba cha mitambo hakiwatoshi, kwa hiyo huimba ukumbini au kwenye chumba cha pili, na maiki zinatakiwa kufika huko. Kinachotakiwa hapa ni boksi la matundu ya XLR, chaneli nane, lenye waya nene moja inayorudi hadi kwenye kadi ya sauti. Huuzwa kwa kati ya dola 100 na 150, yaani shilingi 250,000 hadi 375,000. Kwa bei hiyohiyo ya pachibei, kwa studio ya kwaya nachagua boksi hili bila kusita. Tena linatembea. Ukienda kurekodi mganda kandokando ya ziwa, au kioda cha akina mama, au lindeku ya Wamatengo uwanjani, unalichukua pamoja na kompyuta. Pachibei haitoki chumbani.

Na maiki zisipitishwe kabisa kwenye pachibei ya jeki. Maiki za kondensa hulishwa volti 48 kupitia waya ileile inayobeba sauti. Jeki ya robo inchi ina sehemu tatu, yaani ncha, pete na shina, na inapoingia tunduni ncha yake hupita ikigusa mahali pa pete kabla ya kufika kwake. Kwa kitambo hicho kidogo umeme unapata njia usiyoitaka. Maiki ya riboni inaweza kuharibika utepe wake wa ndani, priampu inaweza kupata mshtuko, na spika hutoa kishindo cha kumruka mtu. Maiki ziingie moja kwa moja kwenye priampu kwa XLR. Kinachofika kwenye pachibei kiwe sauti iliyokwisha kukuzwa na priampu. Spika zinazolishwa na ampu ya nje nazo zisipite hapo, kwa sababu nguvu yake ni kubwa mno kwa migusano hiyo.

Ubao wa matundu 48

Ukishakuwa na vifaa vya nje vitatu au zaidi, na ukajikuta kila kipindi unaingia chini ya meza, wakati umefika. Kwa studio ya kiwango hiki chaguo ni ubao wa matundu 48 ya jeki ya robo inchi yenye pete, yaani jozi 24. Hakikisha ni wa balansi. Zipo za bei ndogo zisizo na mguso wa pete, nazo zinaweza kuingiza mvumo wa umeme wa herzi 50.

Kila jozi ina tundu la juu na la chini, na namna yanavyohusiana ndiyo roho ya kifaa hiki. Kwa kawaida safu ya juu hupokea sauti zinazotoka kwenye vifaa, na ya chini hupeleka sauti zinazoingia. Katika mtindo wa nomali, sauti ya juu inashuka yenyewe hadi chini bila waya yoyote mbele, na ukichomeka jeki juu au chini njia inakatika. Katika nusu-nomali inakatika ukichomeka chini tu. Ukichomeka juu unachota nakala ya sauti huku ya kwanza ikiendelea na safari yake. Katika mtindo wa wazi, juu na chini havijuani mpaka uviunganishe wewe. Studio ndogo huishi kwa nusu-nomali. Vifaa vyote vinafanya kazi bila waya hata moja mbele, na waya inachomekwa pale tu unapotaka kitu tofauti na desturi.

Bidhaa tatu huonekana mara nyingi. Behringer PX3000 ndiyo ya bei nafuu, kama dola 100. Mtindo wa kila jozi hubadilishwa kwa swichi ndogo iliyo juu ya ubao. Swichi hizo zikishafunikwa na kifaa cha juu yake kwenye raki huzifikii tena bila kufungua skrubu, hivyo panga mitindo kabla ya kufunga. Samson S-Patch Plus iko karibu na bei hiyo, ila swichi zake ziko usoni. Ni rahisi kubadilisha, na ni rahisi vilevile kwa mtoto wa mteja kuzichezea wakati kwaya inakunywa chai. Neutrik NYS-SPP-L1, kama dola 120, haina swichi. Kila jozi ni kadi ndogo iliyosimama, unaichomoa na kuigeuza ili kupata nusu-nomali au wazi. Kubadilisha kunachosha, lakini kadi moja ikifa unaitoa hiyo moja na zilizobaki zinaendelea.

Kwa Mkumbi nachukua Neutrik. Tofauti ya dola 20 ni shilingi 50,000, na mtindo wa jozi ukishapangwa vizuri haubadilishwi kila wiki. Swichi ndogo ni sehemu moja zaidi ya kuingia vumbi jekundu la kiangazi. Anayebana bajeti sana achukue Behringer, akijua kwamba tundu likilegea fundi atalazimika kufungua ubao mzima.

Mpango wa karatasi

Karatasi hii itengenezwe kabla ya kuagiza, maana ndiyo itakayokuambia idadi ya waya. Andika upande mmoja kila tundu linalotoa sauti, upande wa pili kila linalopokea. Tuchukue studio yenye priampu ya chaneli nne, kadi ya sauti ya nane kuingia na nane kutoka, kinanda, kompresa ya chaneli mbili, mashine ya mwangwi na kigawa sauti cha hedifoni.

Zinazotoa: priampu nne, kinanda mbili, mwangwi mbili, kompresa mbili, na za kadi sita, kwa sababu mbili za kwanza zimekwenda moja kwa moja kwenye spika. Jumla 16. Zinazopokea: kadi nane, hedifoni mbili, mwangwi mbili, kompresa mbili. Jumla 14. Waya 30 nyuma ya ubao.

Kisha zipange jozi kwa jozi. Priampu 1 hadi 4 juu, chini yake kadi 1 hadi 4. Kwaya ikiingia unarekodi bila kugusa kitu. Kinanda juu ya kadi 5 na 6. Mwangwi unaotoka juu ya kadi 7 na 8. Matoleo ya kadi 3 na 4 juu ya hedifoni, 5 na 6 juu ya maingilio ya mwangwi, 7 na 8 juu ya maingilio ya kompresa. Yote haya nusu-nomali. Matoleo ya kompresa yanakaa jozi za 15 na 16, chini pakiwa patupu. Jozi nane zinabaki kwa vifaa vitakavyokuja.

Angalia hilo la kompresa. Kishawishi ni kuweka toleo la kompresa juu na ingilio la kompresa hiyohiyo chini yake, kwa sababu karatasini panapendeza. Katika nusu-nomali kifaa kitakuwa kinajilisha sauti yake chenyewe, na mlio utakaotoka unaweza kuharibu spika na masikio. Kifaa kisikae juu ya ingilio lake, isipokuwa jozi hiyo iwe wazi.

Jambo jingine ni kwamba toleo moja unaweza kuligawa likaenda sehemu mbili bila shida kubwa, lakini matoleo mawili yasiunganishwe kwenye ingilio moja kwa waya tu. Kuchanganya sauti ni kazi ya mikisa.

Hesabu ya waya

Ubao, tumesema, ni shilingi 250,000 hadi 300,000. Waya 30 ukizinunua katika mafungu ya nane nane yaliyokwisha kufungwa jeki, urefu wa mita mbili, ni mafungu manne. Fungu moja huwa karibu dola 50. Hiyo ni shilingi 500,000. Waya fupi nane za mbele, kama dola 25, yaani 62,500. Kwa ubao wa 250,000 umefika 812,500 kabla ya usafiri, na VAT peke yake inaisogeza karibu na 960,000. Ubao ni chini ya theluthi moja ya pesa yote.

Watu husema, basi niunge mwenyewe kwa risasi. Hesabu yake haina nafuu inayodhaniwa. Waya 30 zina ncha 60. Jeki nzuri ya Neutrik ni kama dola 4, hivyo 60 ni dola 240, umeshazidi bei ya mafungu manne kabla ya kununua hata mita moja ya waya. Kwa jeki za dola moja unaokoa, ila hizo ndizo hulegea na kuanza kukwaruza sauti katikati ya wimbo, na kutafuta jeki mbovu moja kati ya 60 kunakula siku nzima. Kuunga mwenyewe kuna faida mahali pamoja tu: unakata kila waya urefu wake halisi, hakuna mizunguko nyuma ya raki. Kama fundi yupo na pasi yake ya risasi ni nzuri, tengeneza waya chache zile ambazo urefu wa dukani haukubali, nyingine nunua.

Njia ninayoiona ya busara ni kwenda kwa awamu. Mwaka huu ubao na mafungu mawili, waya 16: priampu nne, kadi 1 hadi 4, kompresa yote na matoleo ya kadi yanayoilisha, halafu kinanda mbili. Kinanda nacho kikae wazi mpaka waya za kadi 5 na 6 zifike. Gharama ya waya inashuka hadi 250,000. Mwangwi na hedifoni zisubiri malipo ya kahawa yajayo. Hedifoni ziendelee kupata sauti moja kwa moja kutoka kwenye kadi.

Kuhusu ubao wa jeki ndogo za bantamu, matundu 96 katika nafasi ileile ya raki: ni kifaa kizuri cha studio kubwa, na bei yake huanzia mamia ya dola hadi kupita 1,000. Waya zake fupi huuzwa moja moja kwa bei ya chakula cha wiki, na nyuma yake nyingi hutumia viunganishi vya DB25 ambavyo fundi wa kawaida atahitaji mchoro ili avifungue. Kwa wilaya hii sioni sababu yake.

Kuupima kabla ya kulipa

Ukinunua Kariakoo au kwa mtu anayefunga studio yake, nenda na mita. Iweke kwenye mlio. Chukua waya mbili za jeki, chomeka moja nyuma juu na nyingine nyuma chini ya jozi moja, gusa ncha kwa ncha. Katika nusu-nomali mita ilie. Chomeka jeki tupu mbele juu, iendelee kulia. Ihamishie mbele chini, inyamaze. Rudia kwa pete. Kisha itikise jeki taratibu ikiwa tunduni. Mlio ukikatikakatika, mguso umechoka. Jozi 24 zinapimika ndani ya nusu saa. Muuzaji anayekataa usipime amekupa jibu tayari.

Kwa ubao uliotumika, jozi mbili tatu mbovu zisikukatishe tamaa ikiwa bei imeshuka hadi nusu, kwa sababu mpango wetu una nane za ziada. Zikizidi sita, acha.

Huku juu Umatengoni adui ni vumbi la kiangazi na ukungu wa Juni na Julai. Kule Mbamba Bay na Liuli hewa ina unyevu zaidi, ingawa Ziwa Nyasa ni la maji matamu na chuma hakiliwi na chumvi kama Zanzibar. Funika ubao kwa kitambaa kikavu kazi ikiisha, na kila baada ya miezi michache chomeka na kuchomoa jeki mara kadhaa katika kila tundu, hasa yale ya nusu-nomali yasiyoguswa. Mguso uliokaa kimya muda mrefu huota kutu nyembamba na sauti hupotea bila sababu inayoonekana. Dawa ya kusafishia migusano ya umeme hupatikana kwa mafundi wa redio Songea. Mafuta ya bawaba yasikaribie. Vifaa vyote vya raki vichukue umeme kwenye soketi ya mahali pamoja yenye waya wa ardhini, la sivyo mvumo utaingia hata kwenye ubao bora. Na ukiagiza Neutrik, ile yenye kadi ndogo kwa kila jozi, omba kadi mbili za akiba na jeki nne kwenye mzigo uleule, maana nauli ya kifurushi haitaongezeka kwa hizo.